Kihispania kwa Mswahili: sarufi ambayo nusu yake tayari unaijua, na Mexico inakozungumzwa

Ligi ya Uhispania kila wikendi, tamthilia za Mexico ambazo runinga za Nairobi na Dar es Salaam zimezirusha kwa miaka mingi, halafu Kombe la Dunia la 2026 ambalo Mexico imepewa uenyeji pamoja na Marekani na Kanada. Kihispania hakiko mbali na masikio yetu. Lakini likija suala la kujifunza, mabishano ni yale yale. Mmoja anasema ni mteremko, kinasomwa kama kilivyoandikwa, sawa na Kiswahili. Mwingine anasema usijisumbue na lugha ambayo meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume na neno “kuwa” liko mara mbili.

Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila wote wawili wameletewa Kihispania kwa mkono wa Kiingereza. Vitabu, programu za simu na video nyingi zinazotufikia zimeandikwa kwa ajili ya mzungumzaji wa Kiingereza. Zinaeleza kwa kurasa kumi jambo linalomshangaza yeye, wakati Mswahili analifanya kila siku bila kufikiri. Tena zinapita kimya kimya pale ambapo Mswahili ndiye atakayejikwaa. Ni sawa na kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga kwa kupitia Mwanza.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kihispania, ambacho wenyewe hukiita español au castellano, ni mtoto wa Kilatini kilichokua katika eneo la Castilla, Uhispania. Leo ndicho lugha ya serikali katika nchi zipatazo 20, nyingi zikiwa Amerika, na moja ikiwa hapa Afrika: Guinea ya Ikweta. Ni mojawapo ya lugha za Umoja wa Afrika, kama kilivyo Kiswahili. Nchi yenye wasemaji wengi zaidi ni Mexico, yenye watu wapatao milioni 130. Hakuna lugha inayoitwa Kimexico. Kuna Kihispania cha Mexico, na ndicho kitakachotumika katika mifano hii.

Matamshi: wepesi una masharti

Vokali ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu kabisa kama zetu. Mwingereza hutumia miezi akijizuia kuzivuta, wewe umeshamaliza. Zawadi haziishii hapo. Herufi d ikiwa katikati ya vokali hulainika hadi kuikaribia dh ya “dhahabu”, kwa hiyo nada (hakuna kitu) husikika kama nadha. Herufi g katika nafasi hiyo huikaribia gh ya “ghali”: amigo ni amigho. Ñ ni ny. J, na pia g inayofuatwa na e au i, ni kh ya mtu anayetamka “Kheri” kwa kooni, ingawa Wamexico huilegeza kidogo. H haitamkwi kabisa. Ll na y zote ni y. B na v ni sauti moja, usihangaike kuzitofautisha. Z, pamoja na c mbele ya e na i, ni s kote Amerika. Sehemu kubwa ya Uhispania huzitamka kama th ya “thelathini”. Jina México husomwa Mékhiko kwa sababu x yake ni masalia ya tahajia ya zamani.

Makosa yetu yako kwingine. La kwanza ni silabi. Kiswahili huipa kila vokali silabi yake, “ua” ni u-a. Kihispania hubana: bueno ni silabi mbili, bue-no, na tiempo ni tiem-po. Ukisema bu-e-no utaeleweka, ila mdundo wa sentensi nzima utakuwa umevurugika. La pili ni kumalizia neno kwa vokali isiyokuwapo: hablari badala ya hablar, ustedi badala ya usted. La tatu linawahusu wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l. Hapa kuna maneno matatu yanayokaa jirani: pelo (nywele), pero (lakini), perro (mbwa). R moja hugonga ulimi mara moja, rr hutetemesha.

La nne ni mkazo, nalo ndilo kubwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania hufanya hivyo pia, lakini kwa maneno yanayoishia na vokali, n au s tu: casa, comen, libros. Yakiishia na konsonanti nyingine mkazo huhamia silabi ya mwisho: hablar, ciudad. Neno lolote linalokiuka utaratibu huo huwekewa alama juu ya vokali: café, teléfono. Alama hiyo si pambo. Hablo ni “ninazungumza”, habló ni “alizungumza”. Papa ni kiazi mviringo, papá ni baba. Na kimstari cha ñ usikiache hata kwenye ujumbe wa simu: tengo treinta años ni “nina miaka thelathini”, lakini bila kimstari umemtangazia mtu kwamba unazo njia thelathini za haja kubwa.

Meza haina jinsia, ina ngeli

Neno “jinsia” ndilo lililoleta vurugu. Hakuna Mmexico anayedhani meza ina uanamke. Kinachoendelea ni ngeli, na ngeli zenyewe ni mbili tu. Mtu anayesema “kiti kipya kimevunjika, viti vipya vimevunjika” hana sababu ya kuogopa la silla nueva (kiti kipya), las sillas nuevas (viti vipya), el libro nuevo (kitabu kipya), los libros nuevos (vitabu vipya). Upatanisho ni ule ule, ila umehamia mkiani mwa neno. Wala hatujawahi kuuliza kisu na kijiko vina undugu gani hata vikae ngeli moja.

Kuna dalili za kukusaidia. Maneno ya -o kwa kawaida ni ya kiume, ya -a ni ya kike. Yanayoishia na -ción, -sión, -dad na -tad ni ya kike: la canción, la ciudad, la libertad. Kundi la maneno ya asili ya Kigiriki yanayoishia na -ma ni ya kiume ingawa yana a: el problema, el sistema, el idioma, el clima, el programa. Lakini la cama (kitanda) ni ya kike, kwa hiyo usiifanye kanuni ya kila -ma. Mapotovu ya kukariri tangu siku ya kwanza ni la mano (mkono), el día (siku) na el mapa (ramani). La foto na la moto (pikipiki) hayajapotoka, yamefupishwa tu kutoka fotografía na motocicleta.

El agua huwachanganya hata walimu. Ni ya kike. Imepewa el kwa sababu inaanza na a yenye mkazo na la agua ingegongana. Sifa yake hubaki ya kike: el agua fría. Ikiwa wingi, la yake hurudi: las aguas frías. Neno persona nalo ni la kike hata mtu mwenyewe akiwa na ndevu hadi kifuani.

Kinachomsumbua Mswahili kwa kweli ni hivi vijineno vinavyotangulia nomino, el, la, un, una, kwa sababu sisi hatuna kitu hicho. Kanuni moja itakubeba mbali: jambo likizungumziwa kwa ujumla wake na likiwa ndilo kiima, lipe el au la. La vida es cara, maisha ni ghali. Nomino ijifunze na kijineno chake, daima la mesa, kamwe usiandike mesa peke yake daftarini.

Kitenzi: nafsi imehamia nyuma

“Ninazungumza” lina mtendaji mbele, wakati katikati na mzizi nyuma. Kihispania huanza na mzizi, habl-, kisha mkia mmoja hubeba mtendaji na wakati kwa pamoja: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan. Kwa kuwa mtendaji yumo ndani, neno yo (mimi) halihitajiki. Vitabu vya Kiingereza huanza kila mfano na yo, na ndiyo maana wanafunzi wetu husema yo quiero, yo tengo, yo voy. Masikioni mwa Mmexico inasikika kama mtu anayesema “mimi nataka, mimi ninacho, mimi nakwenda” mfululizo. Yo hutumika pale pale tunapotumia “mimi” kwa kusisitiza: mimi nimelipa, wewe hujalipa.

Ugumu uko kwenye ile mikia. Kwetu -li- ni -li- kwa watu wote. Kwao mkia wa wakati uliopita hubadilika kwa kila nafsi: hablé, hablaste, habló, hablamos, hablaron. Vitenzi vimegawanyika makundi matatu, ya -ar, -er na -ir. Anza na -ar na ulizame. Ndilo kundi kubwa, na vitenzi vipya, kama chatear na escanear, huingia humo.

Halafu kuna vitenzi vinavyobadilika mzizi: puedo (naweza) lakini podemos (tunaweza), quiero (nataka) lakini queremos (tunataka). Usivikariri kama orodha ya vituko. Sababu ni mkazo. Mkazo ukiangukia mzizi, o hupasuka kuwa ue na e kuwa ie; ukienda kwenye mkia, mzizi hubaki mzima. Tamka kwa sauti utausikia. Si kila kitenzi chenye o au e hufanya hivyo, ila ukishajua kwamba kitenzi fulani ni cha kundi hilo, mkazo utakuambia ni katika nafsi zipi.

Wakati uliopita ni mara mbili, comí na comía, na hapa tena Mwingereza huteseka bure kwa niaba yetu. Ya kwanza ni “nilikula”, tendo lililokwisha. Ya pili ni “nilikuwa nikila”. Leía cuando me llamó: nilikuwa nikisoma aliponipigia simu. Antes vivíamos en Puebla: zamani tulikuwa tukiishi Puebla. Penye “nilikuwa niki-”, weka ile ya pili. Umri, saa na hali ya hewa vya zamani navyo huingia huko. Kuhusu -me-, Mexico hupenda ya comí kwa “nimeshakula”. Uhispania wangesema ya he comido.

Ser na estar: achana na “ya kudumu” na “ya muda”

Hili ndilo somo lililoharibiwa kuliko yote. Mwanafunzi huambiwa ser ni kwa mambo ya kudumu na estar kwa mambo ya muda. Mbona basi aliyefariki ni está muerto, kwa estar? Mbona Guadalajara está en Jalisco, na mji huo hauna mpango wa kuhama? Mbona es joven, ni kijana, kwa ser, wakati ujana unapita?

Mswahili anazo zote mbili tayari. “Ni” na “-ko” havibadilishani. “Mimi ni mwalimu”, soy maestra. “Niko Dodoma”, estoy en Dodoma. Ser hutaja kitu ni nini au ni cha aina gani. Estar hutaja kiko wapi au kiko katika hali gani. Tazama jozi hizi: es lista ni “ni mwerevu”, está lista ni “yuko tayari”, es vivo ni “ni mjanja”, está vivo ni “yuko hai”. Kiswahili kimetenganisha kwa mstari ule ule.

Kipimo cha pili ni -me- ya hali. Amechoka, está cansado. Ameketi, está sentado. Amekufa, está muerto. Mlango umefungwa, la puerta está cerrada. Ukikuta -me- inayoeleza hali iliyopo, estar.

Vipimo hivi huvunjika mahali pawili, ni vyema uvijue kabla hujaaibika. Afya: sisi husema “ni mgonjwa”, “ni mzima”, wao está enfermo, está sano. Na shughuli: sisi huuliza “sherehe iko wapi?”, wao ¿dónde es la fiesta?, kwa ser, kwa sababu sherehe haikai mahali, inafanyika.

Kuna na neno la tatu, hay, ambalo ni “kuna”. Hay un libro en la mesa, kuna kitabu mezani. El libro está en la mesa, kitabu kiko mezani. Tofauti ni ile ile, sina cha kuongeza.

Ukishafika hapa, shukuru pia kwa tener, kuwa na. Tengo veinte años, nina miaka ishirini. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo prisa, nina haraka. Mwingereza husema yeye “ni” njaa na “ni” miaka ishirini. Akikufundisha yeye, utajifunza kosa lake kabla ya kujifunza usahihi.

Kichwa kinaniuma

Me gusta el café ni sentensi inayofundishwa kwa michoro na mishale. Anzia kwenye maumivu. Me duele la cabeza: kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kinachotenda, mimi natendwa, na wala sisemi “kichwa changu”, kama wao wasivyosema mi cabeza. Macho yananiuma: me duelen los ojos, kitenzi kimekuwa wingi kufuata macho. Sasa weka kahawa mahali pa kichwa: me gusta el café, kahawa inanipendeza. Taco, chakula cha Kimexico, zikiwa nyingi, me gustan los tacos. Kosa la kawaida ni yo gusto el café, na linatokana na kutafsiri “napenda”.

Kitendwa nacho hukaa mbele ya kitenzi, kama chetu: te quiero, nakupenda, lo veo, namwona. Tofauti ni kwamba kitenzi kikiwa katika umbo la “ku-”, kitendwa hubandikwa nyuma: quiero verte, nataka kukuona.

Mambo mawili zaidi ambayo vitabu huyaita ya ajabu. Le di el libro a María: kwa nini le na tena a María? Kwa sababu ile ile inayotufanya tuseme “nilimpa Maria kitabu”, tukiwa na -m- na Maria kwa pamoja. Na kwa nini veo a María lakini veo la casa, bila a? Kwa sababu mtu anapokuwa kitendwa lugha humpa alama yake. Sisi husema “namwona Maria” lakini “naona nyumba”. “Naona Maria” humkwaruza Mswahili sikio kama veo María inavyomkwaruza Mmexico.

Umbo la -e

Subjuntivo ndilo jina linalowatisha watu. Ni umbo la kitenzi kwa jambo linalotakiwa, kuombwa au kutarajiwa, ambalo bado halijathibitika. Kwetu hugeuza a kuwa e: anazungumza, nataka azungumze. Kwao, kwa vitenzi vya -ar, ni a kuwa e vile vile: habla, quiero que hable. Kwa -er na -ir ni kinyume, e huwa a: come, quiero que coma. Mzizi uchukue kutoka nafsi ya kwanza: tengo, tenga, digo, diga, hago, haga.

Amri nazo zinalingana kwa namna ya kushangaza. ¡Habla!, zungumza! ¡No hables!, usizungumze! Amri ya kawaida haina -e, katazo lina -e, katika lugha zote mbili (kwao ni kwa vitenzi vya -ar). Amri ya heshima pia huchukua umbo hili: pase, siéntese, espere, kama “uingie, uketi, usubiri”. Dua na kuagana vivyo hivyo. Que le vaya bien, atakuambia mwenye duka, nawe ungesema “uende salama”. Que Dios la bendiga, Mungu akubariki. Que en paz descanse, apumzike kwa amani.

Tunapoachana ni penye shaka na penye wakati ujao. “Sidhani kama atakuja” haina -e kwetu. Kwao no creo que venga. “Atakapokuja” kwetu ni wakati ujao. Kwao cuando venga. Mswahili huandika cuando vendrá na hapo hukosea. Neno ojalá, “laiti” au “Mungu ajalie”, nalo hudai umbo hili: ojalá llueva, laiti mvua inyeshe. Asili yake ni Kiarabu, na jina la Allah limo ndani, kumbukumbu ya karne ambazo Waislamu walitawala sehemu za Uhispania, kuanzia 711 hadi Granada ilipoanguka 1492. Ndiyo sababu utakuta azúcar na sukari, aceituna na zaituni, hata hasta (mpaka) na “hata” ya hadithi za kale. Meza na bendera zetu zilitoka kwa Wareno, majirani wa Wahispania, ndiyo maana mesa na bandera hazikupi shida. Lakini pera ya Kihispania ni peasi. Pera letu wao huliita guayaba.

Pasipo msaada wa Kiswahili

Por na para hazina njia ya mkato, kwa sababu “kwa” yetu hubeba zote. Para hutazama mbele: mlengwa, kusudi, mwisho wa safari, tarehe ya mwisho. Por hutazama sababu, njia, mabadilishano na bei. Lo hice para ti, nimekutengenezea. Lo hice por ti, nilifanya kwa sababu yako.

Saa ni mtego. Saa yetu huanza kuchomoza kwa jua, yao saa sita usiku. Ukiambiwa a las dos ujue ni saa nane, na ukisema las dos ukimaanisha saa mbili asubuhi, mtu atachelewa kwa muda wa saa sita. Zaidi ya hapo, moja ni umoja, es la una. Zinazofuata ni wingi, son las dos.

Na muda wa kujifunza: shule ya wanadiplomasia ya Marekani hukipa Kihispania wiki zipatazo 30 za darasa la kutwa kwa mzungumzaji wa Kiingereza. “Miezi mitatu kwa dakika kumi kwa siku” ni tangazo la biashara.

Heshima ya Kimexico

Kuna tú na usted, zote “wewe”. Usted ni kwa wazee, maofisa, wateja na usiowajua. Katika familia nyingi hata babu na bibi huambiwa usted. Hutumia kitenzi cha “yeye”, ¿cómo está?, kwa sababu ilitokana na vuestra merced, yaani kumtaja mtu kwa cheo chake badala ya kumwelekezea kidole. Anayemuuliza babu yake “mzee ameamkaje?” anafanya jambo lile lile.

Ukiitwa, usijibu ¿qué? Jibu ¿mande? Ni “abee” na “naam” ya Mexico. Wapo wanaoikataa wakisema inanuka utumwa wa enzi za ukoloni, na mjadala huo hauishi, lakini mtoto wa nyumbani kwa watu bado hufundishwa. Ukiingia dukani au chumba cha daktari, salimu wote: buenos días hadi saa sita mchana, buenas tardes hadi giza, kisha buenas noches. Ukipita kati ya watu, con permiso, nao watajibu pase. Ukipita karibu na wanaokula mgahawani, hata usiowajua, provecho.

Mwenyeji akikuambia lo espero en su casa, “nitakusubiri nyumbani kwako”, usirudi kwenu kumngojea. Anamaanisha kwake, amekukabidhi nyumba kwa adabu. Ahorita huweza kuwa sasa hivi, baadaye au kamwe, tabia ambayo msemaji wa “sasa hivi nakuja” anaielewa bila mkalimani. Ile -ita ni ya kudogosha, na hapa Mswahili huenda mrama, maana ki- yetu mara nyingi hudharau. Kwa Wamexico un cafecito si kahawa duni, ni kahawa iliyotolewa kwa upendo, na abuelita si kibibi.

Mlo mkuu, la comida, huliwa kati ya saa nane na saa kumi mchana. Ukialikwa kwenye comida ukafika saa sita, utawakuta bado jikoni. Tortilla ya Mexico ni mkate bapa wa mahindi. Ya Uhispania ni mayai na viazi. Mahindi hayo huchemshwa na chokaa ya kupikia, takriban gramu 10 kwa kilo moja, yakalala usiku kucha, yakaoshwa na kusagwa yakiwa bado yameloa. Chokaa hulegeza ganda na kufungua vitamini ambayo mla mahindi matupu huikosa akaugua ugonjwa uitwao pelagra.

Majina huwa na ukoo mara mbili, wa baba kisha wa mama. Rais Claudia Sheinbaum Pardo, mwanamke wa kwanza kushika urais huo, aliyeingia Oktoba 2024, ni Sheinbaum kwa baba na Pardo kwa mama. Ukimwita “Rais Pardo” umekosea. Mwanamke haachi ukoo wake akiolewa. Kwenye fomu za Mexico utakuta nafasi mbili, paterno na materno. Ukiiacha ya pili wazi, tarajia kuulizwa.

Día de Muertos, Novemba 1 na 2, si uchawi wala si Halloween. Ni siku ambazo familia husafisha makaburi na kutandika ofrenda, meza ya kuwakumbuka wafu, nyumbani: picha za marehemu, maji, chumvi, mishumaa, ubani wa copal, maua ya manjano ya cempasúchil, mkate wa pan de muerto na chakula alichokipenda aliyetangulia. Kwa desturi tarehe 1 ni ya watoto, 2 ya watu wazima. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake 2008. Yale maandamano makubwa ya mafuvu katika jiji la Mexico ni ya juzi tu: yalianza 2016, baada ya filamu kuonyesha maandamano ambayo hayakuwahi kuwapo.

Wala Kihispania si lugha pekee. Sheria ya 2003 inatambua lugha za wenyeji wa asili kuwa za taifa pamoja nacho, na zimeorodheshwa 68. Majina chokoleti na avokado yana asili ya Kinahuatl, mojawapo ya lugha hizo. Na wapo Wamexico weusi, hasa pwani ya Costa Chica katika Guerrero na Oaxaca: katiba iliwatambua 2019, na sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 2.5. Jimbo la Guerrero limepewa jina la Vicente Guerrero, rais mwenye asili ya Kiafrika aliyefuta utumwa 1829.

Kihispania cha wapi, basi? Chagua kimoja ukikae. Ukichagua cha Mexico, ruka vosotros na mikia yake yote, ni ya Uhispania; kwa “ninyi” sema ustedes. Vos utaisikia kwa Waargentina na Amerika ya Kati, itambue tu. Neno la kuwa nalo makini ni coger: Uhispania ni “kuchukua” au “kupanda” gari, Mexico ni tendo la kitandani, tena kwa lugha ya mtaani. Kwenye kituo cha basi sema tomar el camión. Camión kwingine ni lori, lakini Mexico ndilo basi la abiria.